Kwa Miguu Mpaka Musoma

Nyakato, Mwanza
16 Machi 1997

Mwanangu Teodora,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Kifua kilinisumbua Januari lakini kimeachia. Natumaini wewe, mumeo na mtoto hamjambo. Anwani hii nimepewa na shangazi yako Getruda. Usimlaumu, nilimsumbua wiki nzima.

Najua unashangaa. Miaka mitano sijakuandikia hata mstari. Siku ulipoondoka na Bilali nilisimama uani, mbele ya ndugu zetu, nikaapa kwamba uso wako sitauona tena, labda nitoke hapa Nyakato kwa miguu mpaka Musoma. Kila mtu alielewa ninachosema. Maana yake ilikuwa kamwe. Mimi mwenyewe nilielewa hivyo, mpaka Krismasi iliyopita Getruda aliponisimulia kuwa mtoto wako ana miaka mitatu sasa, na kwamba akilala anaweka mkono chini ya shavu kama marehemu mama yako. Toka siku hiyo sikupata raha. Nikajiuliza, hivi Musoma ni mbali kiasi gani?

Basi nimeanza. Jumamosi ya tarehe 8 nilifunga mlango saa kumi na mbili asubuhi, nikapita Igoma, nikalala Kisesa, na Jumapili nikafika Nyanguge. Fimbo yangu nimeiacha hapo kwa mama mmoja muuza chai anitunzie, kisha nikapanda gari kurudi, maana Jumatatu nina shifti. Nikipata mapumziko tena, gari litanirudisha Nyanguge, nitachukua fimbo yangu na kuendelea pale nilipoishia. Nimelipima jambo hili kila upande, na naona kiapo hakijaguswa. Hakuna aliyesema nitembee siku mfululizo.

Kama hutaki nifike, niambie mapema.

Baba yako,
Antoni Machibya


Musoma
4 Aprili 1997

Baba, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Yasmin alikuwa na mafua, sasa anakimbia. Vipi hicho kifua? Acha kulala na dirisha wazi, najua unalala nalo wazi.

Barua yako niliisoma nimesimama posta, nikaisoma tena nyumbani, mpaka Bilali akaniuliza nani amefariki. Nilipomweleza alicheka, halafu akauliza kama una viatu vizuri.

Baba, sitaki nikudanganye. Nimekuwa na hasira na wewe muda mrefu. Nilipojifungua Yasmin nilikutumia salamu kwa watu watatu tofauti na hukujibu hata moja. Huku naitwa Moza. Bilali hakunilazimisha, nilisilimu kwa hiari yangu, na najua hilo ndilo lililokuuma kuliko yote. Wewe niite utakavyoweza.

Lakini dunia nzima hii ni wewe peke yako unayeweza kupanda gari ili ukaanze kutembea. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka ugali ukashika moto.

Njoo. Ukifika nitakukanda miguu.

Mwanao,
Moza (Teodora)


Nyakato
15 Juni 1997

Mwanangu,

Hamjambo wote? Mimi salama, kasoro goti la kushoto ambalo linataka kujua tunakwenda wapi.

Nimeshapita Magu. Ningekuwa mbali zaidi lakini kiwandani wametufuta mapumziko mara tatu. Kuna wageni wanakuja kutazama mitambo, inasemekana ndio watakaonunua. Wanatembea na daftari, wanagusa kila mashine, na sisi tunaoziendesha wanatupita kama nguzo. Miaka ishirini na miwili nimekuwa fundi wa vitambaa, na leo sijui kama Krismasi itanikuta kazini.

Njiani ndiko ninakopumua. Kwenye daraja la Simiyu nilikaa saa nzima nikiangalia watu wananywesha ng'ombe. Watu wananiuliza naenda wapi, nawaambia kwa binti yangu Musoma. Mzee mmoja wa hapo Magu alinipa kitanda, na asubuhi mkewe akanifungia viazi. Akaniuliza kama nimekosa nauli. Nikamwambia nauli ninayo, nilichokosa ni adabu ya mdomo. Akasema basi hiyo safari ni ndefu.

Nilikukosea, Teodora. Nilitaka kulisema hili uso kwa uso, lakini naona nilitangulize kwenye karatasi nisije nikalitafuna nikifika.

Baba yako,
Antoni


Musoma
20 Julai 1997

Baba yangu, shikamoo.

Hali zetu nzuri. Goti lipake mafuta ya moto kabla ya kulala, na usitembee juani saa sita.

Maneno yale ya mwisho nimemsomea Bilali. Mimi nilishakusamehe Aprili, nilikuwa nakuchelewesha tu kidogo ili nawe uonje.

Nina habari. Nina mimba ya miezi minne. Mwaka jana ilitoka moja, sikukuambia kwa sababu hatukuwa tunaongea, kwa hiyo hii naibeba kama yai. Wanasema Desemba mwanzoni. Bilali kazi zake za ushonaji zimepungua sana, mitumba imejaa soko zima, nani atashona shati jipya wakati la Ulaya linauzwa bei ya vifungo. Lakini tunakula, na tunacheka.

Fanya ufike kabla ya mtoto, Baba. Nataka nikuone nikiwa bado na miguu ya kusimama kukupokea.

Mwanao,
Moza


Nyakato
7 Septemba 1997

Mwanangu mpendwa,

Hujambo na huo mzigo? Barua yako ilinifanya niende kanisani Jumatano, jambo ambalo lilimshtua hata katekista.

Nimefika Lamadi. Kuanzia hapo barabara inapita kando ya mbuga, na askari wa wanyamapori alinizuia nisitembee peke yangu, kuna nyati. Nilimweleza habari ya kiapo. Alinitazama, akafunga baiskeli yake, akanisindikiza kilomita sita akinisimulia habari za mke wake. Fimbo iko kwake sasa.

Umemwambia Getruda kwamba ingekuwa rahisi kuachana na kiapo nikapanda gari kama watu wengine. Ngoja nikueleze jambo ambalo sijapata kukueleza. Unamkumbuka baba yako mdogo Mhoja? Aliapa mbele ya baba yetu kwamba hatakula tena kutoka zizi lake. Walikuwa wamegombana. Mwaka wa njaa akarudi kimyakimya, akachukua ndama, akachinja. Wiki haikuisha, mtoto wake wa pekee alianguka akafa, hakuumwa hata siku moja. Nilikuwepo, nilimbeba mimi yule mtoto. Padri niliwahi kumweleza, akasema huo ni ushirikina na maneno ya hasira si kiapo. Padri ni mtu mwema lakini hakumbeba yule mtoto.

Kiapo kikivunjwa hakimpigi aliyeapa. Kinamfuata mtoto. Ndiyo sababu natembea.

Baba yako,
Antoni


Musoma
19 Oktoba 1997

Baba, shikamoo.

Natumaini mvua hizi hazijakuharibia paa. Huku zinanyesha tangu mwezi uanze, redioni wanasema ni El Nino na bado.

Sitaandika sana leo. Miguu imevimba, haiingii hata kwenye ndala, na kichwa kinaniuma upande mmoja. Kliniki wamesema ni presha, wamenikataza kubeba maji na kuinama. Bilali anafua, majirani wanamtania, yeye anafua tu.

Baba, naomba kitu kimoja. Panda gari uje. Habari ya mtoto wa baba mdogo nimeisoma na nimelia, lakini hicho kiapo ulikiapa wewe, mimi sikuwa na neno. Mimi ndiye mtoto unayemwogopea, na mimi ndiye ninayekuambia sikiogopi. Ninachoogopa ni kujifungua bila mtu wangu hata mmoja chumbani. Mama hayupo. Nina wewe.

Kutoka Mwanza ni asubuhi moja tu. Ukifika tutakaa, utamwona Yasmin, nami nitakutazama tu.

Mwanao,
Moza


Nyakato
23 Novemba 1997

Mwanangu Moza,

Pole sana na miguu, pole na kichwa. Barua yako ilikaa posta wiki mbili kwa sababu ya barabara, usidhani nilinyamaza.

Niliisoma mara nyingi. Halafu nikachukua likizo yote iliyobaki, maana hicho kiwanda kinauzwa hata nisipokuwepo, nikaenda kutembea siku tano mfululizo. Toka Bunda maji yalikuwa yamekata barabara sehemu mbili, magari yamejipanga, abiria wanapika kando ya njia. Mimi nilivua suruali nikavuka na kundi la wachunga ng'ombe, maji yakinifika kifuani. Kwa mara ya kwanza mtembea kwa miguu aliwatangulia wenye magari, na niliwapungia mkono.

Nimefika Makutano. Unaelewa, Moza? Imebaki siku moja. Ningemaliza palepale lakini goti lilivimba mpaka likakataa kukunjika, na likizo ilikuwa imekwisha. Jumamosi ya tarehe 6 Desemba nitakuwa mbele yako, kwa halali, bila deni lolote la kukuandama wewe au mtoto. Nimetembea miezi tisa. Nivumilie hizo siku chache, mwanangu. Usiinuke, nitaingia mwenyewe.

Naona nimekuita Moza. Si jina baya likishazoeleka mdomoni.

Baba yako,
Antoni


Musoma
6 Desemba 1997

Mwanangu Moza,

Leo ndiyo tarehe niliyokuahidi. Nimeomba karatasi kwa Bilali. Nimekaa kwenye kiti chake cha cherehani, na Yasmin amelala kwenye mkeka hapa miguuni. Mdogo wake mchanga yuko chumbani, majirani wanamlea. Sina hali ya kukuuliza.

Jumanne jioni mlinzi wa kiwanda aliniita getini, kuna simu. Alikuwa Bilali. Alisema, "Baba, Moza amejifungua mtoto wa kiume, lakini yeye hali yake si nzuri. Anakuulizia. Panda gari la asubuhi." Hajawahi kuniita baba kabla ya hapo. Nilimwambia nakuja, na nilikuwa nasema kweli. Jumatano alfajiri nilikata tiketi ya Musoma, nikakaa dirishani. Nilikuwa nimeamua kuvunja.

Magu ikapita, Lamadi ikapita, Bunda ikapita. Njia iliyonimaliza miguu ilipita kama mtu anayefunua kurasa za kitabu. Tulipoacha Kiabakari nikaanza kumwona yule mtoto wa Mhoja mikononi mwangu. Nikajiambia, Antoni, leo ndiyo siku gani ya kuvunja kiapo, yeye akiwa kitandani na roho yake iko mlangoni? Siku nyingine yoyote labda, leo hapana. Ukivunja leo, leo hiihii kitamfikia. Makutano nikamgongea dereva.

Utingo aliniambia tiketi yangu ni ya Musoma. Nikamwambia najua. Akasema mzee, hata nusu saa haijabaki. Nikashuka.

Nilitembea kama sijawahi kutembea. Goti lilikuwa linalia, sikulijali. Sikupumzika, nilikunywa maji mara moja tu kwenye bomba la shule. Na nikueleze ukweli, mwanangu, kwa sababu sina tena cha kuficha: nilikuwa na furaha. Niliona kila hatua ninayopiga inakuvuta wewe upande huu. Nilikuwa nasali Salamu Maria kwa sauti, watu wa mashambani wakinitazama.

Naingia mtaa wenu jua limeanza kuinama, nikakutana na wanaume wengi wamevaa kofia, wengine na majembe, mikono ina udongo. Nikawaamkia, nikauliza nyumba ya Bilali fundi. Mmoja akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema ni baba wa mke wake. Alinishika mkono, akaenda nami hivyohivyo mpaka hapa.

Ulikufa saa sita mchana. Wakakuzika baada ya sala ya alasiri. Kwetu sisi mtu hazikwi baba yake hajafika, hata iwe siku tatu watakaa wamsubiri, na kweli nilifungua mdomo kuwakemea. Bilali akasema, "Tulikusubiri, Baba. Tulimtuma mtu stendi. Gari lilikuja na wewe hukuwemo, tukajua huji." Alisema bila ubaya wowote. Nikaufunga mdomo.

Jana nilimwomba anieleze siku ile yote. Hakutaka, nikamlazimisha. Anasema toka asubuhi ulikuwa unauliza kama gari la Mwanza limeingia. Walikuwa wanakujibu bado. Saa tano mdogo wake akarudi kutoka stendi, akasema limeingia, watu wote wameshuka, mzee hayumo. Ukamuuliza kama ameangalia vizuri. Akasema aliangalia mpaka abiria wa mwisho.

Bilali anasema hukuuliza tena.

Nilikuwa njiani, Moza. Nilikuwa nakuja.

Baba yako,
Antoni