Shikamoo ya Mzee Mghenyi

Mtinko, Jumatatu, asubuhi ya upepo na baridi.

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hatujambo, uwele tumeshapura. Unauliza kama kwenye kura za maoni umchague kijana anayemwita mbunge wenu mpole mno.

Enzi za Mwingereza, chama chetu kilipochagua mjumbe, Saidi aligombea dhidi ya Mzee Mghenyi, akatuambia: "Nilimsikia kwa masikio yangu akimwamkia Bwana DC shikamoo!" Tulicheka, tukapanga mstari nyuma ya Saidi, nami nikiwemo. Mghenyi akaanguka.

Jioni nilimuuliza mpishi wa DC, mzee kuliko Mghenyi.

"Shikamoo ile alinipa mimi, binti. Nilisimama nyuma ya Bwana. Saidi anajua, naye pia aliniamkia papo hapo."

Muulize kijana wenu nani mwingine alikuwepo alipouona huo upole. Shajara yangu ya siku ile inaonyesha sikupata usingizi hadi saa nane usiku, nikimwaza Mghenyi.

Bibi yako