Majani juu ya njia yako

Alunguli, mwezi wa tisa 1974

Citoyen Kalala, baba ya watoto wangu, huko Kalima,

Tuko wazima. Yale majani ya kutambaa uliyosema yataleta nyoka yamefunika kiwanja chote. Kiangazi hakikuyakausha, na mvua ya kwanza tu yalitoa maua, kabla ya bustani zote za jirani. Mukubwa wa salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, aliniamuru nifyeke. Nikamwambia: “Papa, mvua ilikuwa inakula ukuta wangu. Angalia sasa, majani yanashika udongo.” Akaangalia, akaomba kipande.

Kuyapanda njo rahisi: unalaza tawi, unafunika na udongo kidogo, unaacha. Nakutumia kipande, umupe yule mama unayekaa naye.

Njia ya baiskeli yako nayo imefunikwa. Siku ukikuja, usikanyage. Simama barabarani, piga hodi.

Kanku, mwenye nyumba