Keki Zilizovunjika

3 Februari

Baba, shikamoo.

Natumai hujambo, na mgongo haukusumbui sana ukiinamia cherehani. Mimi mzima. Kiwandani bado nafunga keki kwenye maboksi, na zinazovunjika tunaruhusiwa kula hadi tuchoke. Huku ughaibuni kila kitu kitamu, baba: mkate mtamu, mchuzi wa chupa mtamu, hata maharage ya kopo yametiwa sukari! Mwanzo nilicheka, sasa nimezoea. Vipimo vya gauni: kiuno kimefika inchi thelathini na nane. Usinicheke.

Mwanao, Njiti

20 Februari

Marahaba mwanangu.

Hapa hatujambo. Nimecheka hadi uzi ukanikatikia. Thelathini na nane! Kila mteja nimemwonyesha daftari la vipimo: "Huyu ndiye Njiti wangu, maisha yamemkubali." Gauni linakuja. Wewe kula tu.

Baba yako, fundi

9 Septemba

Shikamoo baba.

Samahani kwa kimya. Habari za hapo? Mimi nipo nipo tu. Gauni linanipwaya. Nimejipima mara mbili: kiuno thelathini na mbili. Nachoka upesi, na kiu haiishi, nashushia soda siku nzima. Kuna pia kidonda kidogo kidoleni, kiatu cha kazi kilinichubua. Usihofu.

Mwanao, Njiti

28 Septemba

Marahaba mwanangu.

Sisi wazima, ila vipimo vyako vimenitoa raha. Inchi sita! Unajinyima nini? Au ni upweke? Mimi baba yako nakuamuru: kula hizo keki, kunywa soda, chai tia sukari mpaka kijiko kisimame. Sitaki kuja kupokea mifupa. Na kidonda kitapona ukishiba.

Baba yako

15 Desemba

Mwanangu, hujambo?

Hii ni barua ya tatu hujajibu. Kama umenikasirikia, nitukane, lakini andika.

Baba yako

11 Januari

Shikamoo baba.

Safari hii siwezi kusema mzima. Nilikutii, nilikula. Siku moja nikaanguka kiwandani, nikazindukia hospitali. Daktari akasema ni kisukari, nimekaa nacho miezi bila kujua. Kule kukonda na ile kiu ndizo dalili zenyewe. Kidonda kilikuwa kimeshaoza. Mguu wameukata chini ya goti, na kiwandani hawana kazi ya kukaa. Usijilaumu baba, hata mimi nilidhani ni njaa.

Mwanao

29 Januari

Marahaba mwanangu.

Hata sijui nikuulize vipi hali. Duka nimelifunga. Wateja wakija kudai nguo zao nawaambia cherehani mbovu. Miaka arobaini napima watu, na mwili wa mwanangu mwenyewe nimeusoma vibaya. Uliponenepa nilishangilia. Ulipokonda nikakuamuru ule kilekile kilichokuwa kinakuua. Inaniuma, mwanangu, inaniuma sana.

Usiniambie tena nisijilaumu. Hilo niachie mimi. Wewe niambie tu unarudi lini, nije kukupokea.

Baba yako