Mafuta Yangu Yamekutwa na Dawa, na Bibi Harusi Bado Anapakwa

Mshauri wangu wa redioni, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi niitikie tu, maana mie Mwishehe wa Mbagala sijawahi kuomba ushauri kwa mtu, watu ndio wanaojaga kwangu, lakini hili limenikata maini, hata chai haipiti.

Mie napika na kuuza mafuta ya nazi ya kupaka, na sijisifu, uliza Temeke nzima, kunguru alishawahi kutua kwenye sufuria yangu akaruka mweupe mpaka Kawe, na bibi mmoja aliyapaka wajukuu wake wakamwita sista. Ndiyo maana dada yangu Hamida, binti yake Mwanakombo alipoposwa, alisema singo ya mtoto, ule msuguo wa bibi harusi, haiguswi na mafuta ya mtu baki, na tangu Ramadhani somo wake, yule kungwi anayemfunda, anamsinga kwa mafuta ya mjomba, uso, shingo, mwili mzima, na mtoto aking'aa vigelegele ni vyangu.

Sasa Raudha, binti wa mdogo wangu wa kiume, anafanya kazi maabara moja ya Mikocheni, alimwona Mwanakombo akanijia juu. "Ba'mkubwa, unatia nini kwenye mafuta?" Nikamwambia nazi na ufundi. "Ufundi hauchubui shavu la mtu, nipe kopo." Nikampa nikicheka, nikamfuata hukohuko ili wasomi wajifunze.

Akayayeyusha kwenye spiriti, akatia friza mafuta yakaganda, akachuja, akadondosha tone kwenye kibao cheupe, na pembeni tone la dawa halisi ya hospitali, akakisimamisha kwenye maji ya maabara kidogo, yakapanda kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na kila kitu kikapanda kwa mwendo wake. Alipomulika kwa taa ya zambarau, mshauri, doa langu na la ile dawa yamesimama sawasawa kama mapacha! "Steroidi," akasema, na mashine kubwa ikasema hivyohivyo. Nikamwambia vifaa vyako vibovu. Akasema haya, pika hapa, nazi tupu. Nikapika, kibao kikatoka safi. Nikatia ile krimu nyeupe ya ndoo ninayonunua kwa Kasimiri sokoni, inayolainisha mafuta yangu yawe kama hariri, doa likarudi! Nikamwambia mie si naichemsha, moto si unaua kila kitu? "Moto wako unaiyeyusha tu, Ba'mkubwa, inajificha humohumo kwenye mafuta. Mwambie shangazi leo."

Harusi Jumamosi hii. Mtoto alishanipigia simu, "Mjomba, uso unaniwaka," nikamjibu vumilia, kuwaka ndiko kunoga. Nikisema, dada atazimia na wakwe watasikia. Nimewaza nibadilishe kopo kimyakimya, nimpelekee nazi tupu, harusi ipite. Nisaidie.

Mwishehe, Mbagala

BI ATUGANILE ANAJIBU:

Marahaba, Bwana Mwishehe. Kunguru wako mwache hukohuko Kawe, tumzungumzie Mwanakombo.

Pole. Umeshtuka, na mimi nimeshtuka nawe. Ulinunua kitu kisicho na jina, ukakiamini kwa kuwa kilikuletea sifa. Lakini mtu mzima unaambiwa na mtoto "uso unaniwaka", unamjibu "kunoga"? Hata maandazi yakinuka moshi watu hufunua sufuria!

Steroidi ni dawa kali. Daktari humwandikia mgonjwa kidogo, mahali padogo, kwa muda mfupi. Wewe umempaka binti mwili mzima kwa miezi. Inakondesha ngozi, inapenya hadi ndani. Na hilo wazo lako la kubadilisha kopo ndilo limenitisha kuliko yote. Mwili uliozoea dawa hiyo ukinyimwa ghafla unaweza kulipuka: ngozi ikawaka zaidi, binti akaishiwa nguvu akaanguka ukumbini, na daktari asijue aanzie wapi, kwa sababu mjomba mtu kanyamaza na kanzu yake mpya.

Kwa hiyo leo, si kesho, chukua kopo, chukua na hiyo krimu ya ndoo, mchukue Raudha aeleze alichokiona. Binti aende hospitali kwa daktari wa ngozi leo hii, na namna ya kuacha aseme daktari, si somo, si dada, wala wewe. Makopo uliyouza yafuate mlango kwa mlango, ukiwaambia wenyewe wakamwone daktari. Ndoo ya Kasimiri ipeleke mamlaka ya dawa, asije akamuuzia mwingine.

Daktari akisema harusi isogee, isogezeni. Wakwe waambieni ukweli. Bwana harusi akimkataa mke kwa ajili ya shavu, mshukuruni Mungu mmemjua mapema.

Sasa zima redio uende. Dada atakukaribisha chai, wanawake watakupigia vigelegele. Usikae, na usianze hadithi. Mwambie somo aweke kopo chini, kisha mgeukie mtoto: "Mwanakombo, ulisema unaungua nami sikukusikia. Vaa, tunakwenda hospitali."