Faili Moja Tu

Mandewa, Jumanne

Alama za ng'ombe 1,186 za wafugaji wa Mungaa zimepotea leo saa tisa alasiri. Nilizichora kwenye kompyuta miaka minne, boma kwa boma. Ng'ombe akiibwa, ushahidi ni huo.

Zilikuwa kwenye kompyuta ya pili, ya kuigiza tu, inayofanya kazi ndani ya kompyuta yangu na kuhifadhiwa yote kama faili moja kubwa, maana programu yake ya zamani haifunguki kwingine.

Shemeji Yona kaifuta yote. "Ah, shem, lilikuwa faili moja tu! Linakula nafasi ya sinema."

Faili moja! Nikampiga kibodi usoni mara tatu. Vitufe kumi na kimoja viliruka, nyusi ikapasuka. Sijutii. Wezi wakisikia...

Akalia, "Labda nililinakili kwenye CD." Labda? Kesho saa mbili asubuhi uilete hapa, Yona: ipo au haipo?