Mota ya Dirisha la Gari la Baba

Jumanne, Likoni



Mota ya dirisha la gari la marehemu baba niliiunganisha moja kwa moja na betri, ikakaa kimya. Kumbe imekufa. Nikafunga nyingine, kioo kikapanda taratibu. Nilifurahi, wallahi.

Ndipo ndugu yangu Salim, anayetaka gari liuzwe kama chuma chakavu, akakivunja kioo kwa nyundo. Nikamrukia. Nilimpiga ngumi mpaka akatokwa na damu mdomoni, nikamwinulia spana kichwani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Haya, mpige," akasema. "Nimemzika mume, nitamzika na mwana."

Spana ikaniponyoka.

Salim simwogopi. Najiogopa mimi. Lau mama angechelewa kidogo tu...