Bibi Aliletwa Tanga

Dada Rehema, shikamoo. Hapa Ujiji samaki aina ya mgebuka wa kuchoma ni mtamu kweli, lakini leo sikuandikii habari za chakula.

Mgeni wangu, mwalimu wa kabila la Wakriki, wenyeji wa asili wa Marekani, analinganisha maisha ya watu wake na yetu. Jana alimsimulia Bi Zuhura, muuza dagaa, kwamba kwao nako baadhi ya mababu waliwafanya Waafrika watumwa, na wajukuu wa watumwa hao bado wanadai wahesabiwe Wakriki, wapate haki kama wenzao.

"Hata hapa watumwa walipitishwa, wakipelekwa pwani," Bi Zuhura akasema.

Mara mvua ikatoka upande wa Kongo. Wanawake wote wakakimbilia kuanua dagaa, bila kuuliza ni wa nani. Nasi tukaanua.

Tulipojibanza kibandani, Bi Zuhura akamuuliza mgeni ukoo wake.

"Ukoo wa Upepo," akajibu papo hapo. "Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama."

Bi Zuhura akanigeukia. "Na wewe, kwa mama?"

Ukoo huo siujui. Mama husema tu kwamba bibi, mama yake, aliletwa Tanga.

Dada, mama ameanza kusahau. Mkumbatie kwa niaba yangu, kisha muulize leo hii: bibi aliletwa na nani?

Mdogo wako akupendaye,
Asha